Chekechea Isifunguliwe Leo

Mheshimiwa Meya Preben Højlund, Mwalimu Mkuu Solvej, wazazi na wazee wa kisiwa chetu cha Mors, mafundi wenzangu, nanyi watoto mlioketi sakafuni hapo mbele: nawasalimu. Niwaambie ukweli mapema. Naogopa.

Nimeombwa niisifu chekechea hii kabla utepe haujakatwa. Nitaisifu, maana inastahili. Mlipopiga kura tujenge kwa marobota ya mabua ya ngano kutoka mashamba yetu wenyewe, tuyakandike udongo ndani na chokaa nje, kuna waliocheka. Mzee Laust aliniambia, "Ragnhild, ng'ombe wangu wakikata kamba wakala darasa, usije kwangu kulia." Leo Laust amevua koti. Nje upepo wa Oktoba unachuna ngozi, humu jiko halijawashwa tangu asubuhi, na nani kati yenu anasikia baridi? Ukuta huu wenye unene wa nusu mita unapumua, unatunza joto, na haudai kitu ila kimoja tu: uwe mkavu siku unapofunikwa.

Ndugu zangu, mnaikumbuka siku tuliyopandisha shada la majani juu ya kenchi, kusherehekea mbao za paa kusimama? Desturi yetu mnaijua: mwenye nyumba asipowapa mafundi bia na soseji siku hiyo, wanamtundikia sanamu ya aibu juu ya paa. Kamati yetu ya ujenzi haikutaka aibu hiyo. Meza zikapangwa nje, mvua ikashuka, na Verner, seremala wetu na mshirika wangu wa miaka mingi, akaita, "Jamani leteni turubai, soseji zinaogelea!" Turubai lililokuwa karibu ni lile lililofunika marobota. Nani alilivuta? Ni mimi. Tulikaa chini yake kwa muda wa saa tatu, tukaimba, tukataniana, na marobota ya ukuta wa magharibi yakanywa mvua nyingi kuliko sisi tulivyokunywa bia.

Tuliyaanika siku nne. Nilipoyapapasa kwa nje yalikuwa makavu, nami, fundi wa miaka thelathini na moja, nikaridhika na kupapasa, kwa sababu tarehe ya leo ilikwisha kutangazwa. Tukayapanga ukutani, tukayakandika.

Wiki iliyopita nilichoma sindano ya kupimia unyevu chini ya dirisha lile la ukuta wa magharibi. Kipimo kisichotakiwa kuzidi asilimia kumi na tano kilisoma ishirini na nane, na sindano ikatoka na harufu ya uyoga. Nilimwonyesha Verner.

"Nyamaza," akasema. "Utakauka wenyewe. Ukisema, hapa kisiwani hakuna atakayejenga tena kwa mabua. Tutakula nini, Ragnhild?"

Naogopa kicheko. Naogopa kwamba kazi niliyoipenda maisha yangu yote nitaizika leo kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema ni kifo cha nani. Ukungu unaoota ndani ya ukuta ule hautaingia puani mwangu. Utaingia puani mwa watoto hawa, ambao vitanda vyao vya kulalia mchana vimepangwa kando ya ukuta huohuo.

Mheshimiwa Meya, nakuomba usiukate ule utepe mwekundu. Nipe wiki sita niubomoe ukuta mmoja na kuujenga upya, na yeyote anayetaka kuja kunisimamia aje na sindano yake. Verner, nisamehe. Ningekuambia kabla, lakini nilijua utanibembeleza, na nilijua nitakubali.

Wazazi, wengi wenu mmeniuliza pale mlangoni mjukuu wangu Asta yuko wapi, naye jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya watoto wa chekechea. Niliwajibu ana mafua. Hana mafua. Nilimwambia mama yake asimlete.

Asanteni kwa kunivumilia hadi hapa. Sasa nanyi watoeni watoto wenu humu.