Violini ya Mzee Sirili na Jani la Isale

"Hapo kwenye isale utaandika kwamba Baba alipokea, basi. Vinginevyo karatasi hiyo haisomwi hapa."

"Siwezi, mjomba. Mlangoni nilikuwepo mimi."

"Wewe uliyeishia kidato cha pili ndiye utufundishe kuandika historia?"

"Hata hicho cha pili sikukimaliza, mjomba, na sababu unaijua."

"Jacob," akasema Mama Grace, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akiwa amebeba sufuria ya chai kwa mikono miwili, "hiyo ni karatasi, siyo kuku, huwezi kuinyonyoa ukabakiza minofu unayoipenda. Marehemu alimtaja mtoto mbele yangu. Mwache asome."

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani, maneno hayo yamesemwa leo asubuhi jikoni kwetu, Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, kati ya mjomba wangu Jacob na mimi, nami nimeyaongeza juu ya ukurasa huu kwa kalamu nyingine, ili asiwepo atakayedhani kwamba yanayofuata yameandikwa bila kupingwa. Naitwa Priska, ni mjukuu wa marehemu kwa binti yake Doris, nina miaka kumi na saba, na babu alinichagua niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika daftari la tarehe zake, naye alikuwa mtu asiyevumilia tarehe iliyokosewa.

Marehemu Sirili Aloisi Tesha alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Kilema, katika kihamba hiki cha ukoo tulichosimama, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Aloisi, mkulima wa kahawa, na mama Mektrida, akabatizwa katika parokia yetu wiki mbili baadaye. Alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni mwaka 1956, na akiwa darasa la tano bruda mmoja aliyekuwa akitengeneza kinanda cha kanisa alimkuta ameweka sikio kwenye mbao za kinanda, akamuuliza anatafuta nini, naye akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo bruda mwenyewe alikuwa amefunga vibaya, na badala ya kuchapwa akapewa violini ya kujifunzia. Alimaliza darasa la nane mwaka 1963 na sekondari mwaka 1967, akapiga muziki katika hoteli za Dar es Salaam kwa miaka mitatu, na mwezi Septemba 1971 akapata nafasi ya kwenda kusomea violini katika mji wa Leipzig, Ujerumani, ambako alihitimu mwezi Juni 1976.

Kwa mshahara wake wa kwanza hakununua koti, ingawa baridi ya huko alisema inauma mpaka kwenye meno, alinunua violini iliyotengenezwa mwaka 1911 na fundi wa kijiji kimoja cha Saksonia, yenye mgongo wa kipande kimoja cha mti na alama ndogo ya kuungua karibu na pa kuwekea kidevu, na ndiyo aliyoipigia kazi maisha yake yote, miaka minane katika okestra za Ujerumani, kisha kuanzia mwaka 1984 katika hoteli kubwa ya Yokohama, Japani, hadi aliporudi nyumbani moja kwa moja tarehe 3 Oktoba 1998.

Alifunga ndoa takatifu na bibi yetu Theodora tarehe 27 Desemba 1978, alipokuja likizo ya Krismasi, wakajaliwa watoto wawili, Jacob aliyezaliwa mwaka 1980 na Doris, mama yangu, aliyezaliwa mwaka 1983. Bibi alilea watoto na kahawa peke yake, akafariki mwaka 2011. Mjomba amesema mara nyingi kwamba kile kimbao ndicho kilichokula utoto wake, na hilo nalisoma kwa sababu ni kweli, babu mwenyewe alilikubali, hata mwaka 2003 alimwomba mwanawe msamaha mbele ya ukoo, akachinja mbuzi, na mjomba akala.

Wengi wenu mlimjua kwa vyombo vyake, na wapo waliomcheka. Alirudi na mashine ya santuri yenye sahani nzito kuliko jiwe la kusagia, na amplifaya ya Kijapani isiyo na kitu ila taa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa, halafu akakaa miezi saba anatengeneza maboksi ya spika kwa mbao za mringaringa alizoziacha zikauke darini miaka miwili, kwa maelezo kwamba mbao mbichi husema uongo. Hakuruhusu mtu aongee santuri ikizunguka, hata Mwenyekiti wa kijiji alipokuja na barua alimsubirisha mpaka upande uishe, na kila siku ya ukungu wa Julai aliipapasa violini tumboni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alisema sindano ya santuri ina umri, ikizidisha saa elfu moja inaanza kula mifereji ya sahani, kwa hiyo kila kilichopigwa kiliandikwa, tarehe, sahani, dakika, na kazi hiyo alinipa nikiwa na miaka tisa. Kwa miaka ishirini na zaidi alifundisha vijana wa Moshi mjini na kwaya za huku milimani, akapiga katika harusi na misa za mazishi nyingi kuliko alizozihesabu.

Tarehe 9 Agosti 2023 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anafungua dirisha, akapoteza mkono wa kushoto, ambao kwa mpiga violini ndio wenye kazi ngumu, na mguu, na nusu ya mdomo. Kikao cha ukoo kilikaa tarehe 20 mwezi huo, na mjomba Jacob alisema kwamba Priska akae na babu kwa muda, miezi mitatu tu, yeye atatafuta mtu wa kumhudumia, nami nitarudi darasani Januari. Nilikuwa kidato cha pili, mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Mtu huyo hajapatikana mpaka leo, na leo hahitajiki tena.

Hata hivyo miezi ile haikuwa mibaya. Babu alilala upande wa kulia, mimi nilisimama na violini yake, akanifundisha kwa kusikiliza, nikikosea aligonga kitanda kwa kidole, nikipatia hakufanya kitu, na jioni ya Pasaka ya mwaka jana, baada ya kupiga ukurasa mzima bila kugongewa, alimwambia Mama Grace aliyekuja kumsalimia kwamba kihamba ni cha Jacob kama ilivyo desturi, lakini violini ni ya Priska, kwa sababu chombo kisichopigwa kinakufa.

Tarehe 21 Desemba 2024, mjomba Jacob alikuwa akifungua baa yake mpya kule barabarani, akaja asubuhi na gari, babu akiwa amelala, akasema anaazima amplifaya kwa siku moja, maana taa zake zinapendeza kaunta. Pembeni yake palikuwa na chuma kizito kilichofungwa nyaya, akakisukuma kwa mguu akaniuliza, "Na hili dubwana la nini?" Nikamjibu, "La kuzuia mlango, mjomba." Sikudanganya sana, kwa kuwa babu alilitumia pia kwa kazi hiyo. Lakini ilikuwa transfoma, mashine ile ni ya umeme mdogo wa Japani, na bila hilo dubwana umeme wetu unaingia ndani yake mara mbili na zaidi. Nilijua, nikamsaidia kubeba mpaka kwenye gari, nikamtakia biashara njema. Saa nane mchana, mbele ya wageni wote waliovaa vizuri, aliichomeka, ikawaka nyeupe kuliko ilivyowahi kuwaka, ikatoa moshi, wageni wakakimbilia nje na sahani zao za ndizi nyama. Nilimweleza babu kila kitu. Aliniuliza ilipiga kwa muda gani, nikasema haikufika dakika, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka mto ukaloa, na baadaye nikagundua kwamba hakuwa anacheka tena. Hilo Baba Paroko alishalisikia kwangu mahali pengine, na anajua kwamba kujuta kwangu hakujatosha. Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa siku iliyotangulia, tarehe 20 Desemba, sindano ikiwa na saa mia nane na kumi na moja.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, mama na mimi tulimpeleka babu kliniki Mawenzi, tukatoka saa kumi na mbili asubuhi, tukarudi saa tisa alasiri, sanduku la violini halikuwepo chini ya kitanda. Ufunguo wa pili wa nyumba hii anao mtu mmoja. Mjomba alisema labda ni wezi, na mama akamuuliza, "Wezi gani hao, kaka, wanaoacha televisheni na kufunga mlango wakitoka?" Wiki tatu baadaye Mama Grace alikwenda kwenye semina katika hoteli moja ya barabara ya Marangu, akaiona imepigiliwa ukutani juu ya moto wa kuni, imekuwa pambo, nyuzi mbili zimekatika, na ile alama ya kuungua iko pale pale. Mbao iliyotunzwa miaka mia moja na kumi na nne sasa inakaushwa na moshi, na kila siku inayopita inazidi kupasuka. Mjomba, nakusomea haya mbele ya watu wote wa Kilema kwa sababu nilikuomba faraghani mara nne, tarehe zake ninazo, na mara zote nne uliniambia nikaoshe vyombo.

Baada ya hapo babu hakuugua kitu kipya, ila aliacha kugonga kitanda. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa nyumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi wengi ambao leo mmewasikia kanisani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu alipopatwa na kiharusi, Baba Paroko aliyemletea Komunyo kila Ijumaa ya kwanza, majirani mliochota maji na kupika, wanamuziki wenzake mliotoka Arusha na Dar es Salaam na vyombo vyenu, na jumuiya yetu yote. Tunamshukuru pia kwa namna ya pekee mwenye hoteli ya barabara ya Marangu, ambaye amekuja leo na shada zuri, amekaa mstari wa tatu, na ambaye naamini kabisa hakujua alichouziwa, sasa anajua, na anajua aliyemuuzia ameketi wapi.

Babu, lala, pumzika kwa amani kama upande wa santuri ulioisha vizuri, hakuna atakayeongea juu yako.

Limebaki la isale, ambalo nimeliacha mwisho kwa kuwa ndilo linalopingwa. Wote tunajua kwamba hapa kwetu aliyekosa akija na jani la isale kuomba msamaha, aliyekosewa hakatai, hata kama jambo ni la damu. Mjomba amewatangazia kwamba alileta isale na babu akapokea, kwamba yamekwisha, na kwamba anayeyafufua anamchokoza marehemu. Kweli alileta. Ilikuwa Jumapili tarehe 25 Mei, baada ya misa ya pili, nilikuwa nimemkalisha babu kwenye kiti mlangoni apate jua, mjomba akaja amevaa suti, jani limesimama mkononi, akapiga goti moja pale kizingitini, akasema, "Baba, nimekosa." Babu alinyoosha mkono wake mmoja mzima, akalishika jani, akalitazama mbele na nyuma, kisha akaitazama mikono ya mwanawe yote miwili, kwa muda mrefu, akasema polepole, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, kila neno likisikika:

"Jani nimeliona, Jacob. Violini sijaiona."