Kamba Yangu Mliyopimia Shamba

Sogeeni, wanangu. Léonard, na wewe Benedicte, kaeni hapa mkekani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Asinijibu mtu mpaka nimalize.

Jana mlipodhani nimelala, mlikwenda Kizuka kupima shamba langu la michikichi na kuweka mpaka katikati. Msikatae, mmeonekana. Hilo ningelimeza. Lakini mlipima kwa kamba yangu ya kupandia, iliyonishika kiuno kule juu miaka yote niliyowalisha, nanyi mnajua kwetu kamba ya mpandaji haiguswi mpaka azikwe. Mmenizika nikiwa bado napumua.

Léonard, nimeambiwa ulimtuliza dada yako ukisema hii ni haki yenu. Haki gani, mwanangu? Mimi na marehemu mama yenu tulivuka ziwa kutoka Fizi na sufuria moja na Biblia iliyolowa maji, na mwenye ardhi akatuonea huruma, akatupa kipande cha vichaka. Hatukustahili. Kila asubuhi nilimshukuru Yesu kabla sijakata mkungu wa kwanza, kwa kuwa ya jioni sikuyajua.

Acheni niseme lililo moyoni: naona wivu. Namwonea wivu jirani yangu Hamissi, mzee wa msikitini, ambaye shamba lake halitoshi hata kuzikia paka. Siku vita vilipoingia Kizuka na risasi zikalia, nyinyi mkiwa Bujumbura, ni Karimu mwanawe aliyenibeba mgongoni mpaka ufukweni, huku baba yake akijikongoja nyuma. Na msimu huu Karimu alipokamua mawese ya kwanza, hakuonja mpaka baba yake alipoonja. Nilikuwapo. Nikapewa na mimi kijiko, nikameza, yakanichoma koo. Nani aliyesomesha watoto, mimi au Hamissi? Shukrani ya punda ni mateke. Nikakusudia kumpa Karimu shamba lote, nikamwita mchungaji awe shahidi.

Mchungaji akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Muzee, Mungu naye iko na wivu, lakini mvua anawanyeshea hata wasiomwambia murakoze, hata asante." Neno lile sikulipenda, na hata leo silipendi sana. Lakini kama nilipewa bure, nitawauzia nyinyi kwa shukrani?

Basi shikeni hili. Shamba ni lenu. Michikichi iliyo chini ya barabara avune Karimu maisha yake yote, wala asiulizwe na mtu. Neno linasema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na mimi nimeliona kwa macho yangu. Mawese ya kwanza ya kila msimu yaende kanisani kabla hamjaonja. Msiishi kwa kungoja mali ya wafu, ishini kwa imani.

Na ule mpaka mliouweka, siufuti. Nizikeni juu yake, kichwa upande wa Léonard, miguu upande wa Benedicte. Mkigombana, mgombane mbele yangu. Mkivuna, mtapita kwangu, mtake msitake. Mimi ni baba mwenye wivu, nawataka karibu.

Bwana awape... ngojeni, pumzi... Bwana awape mvua, awape na macho ya kuiona. Awalinde na vita. Benedicte, usilie bado, nipe mkono. Wa Léonard uko wapi? Mbona umekaa mbali, mwanangu? Ulete huku. Juu ya wa dada yako. Hivyo... Msiachiane.