Nyanya Kwenye Njia ya Baiskeli

Ndani ya teksi ya abiria iendayo Koboko, Mama Zuhurah, muuza nyanya wa Arua, alimlalamikia dada aliyeketi kando yake. “Wamechora njia ya baiskeli mbele ya meza yangu. Sasa wanataka mimi natoka!”

“Mama, magari iko nagonga watoto. Ile njia iko ya kuwaokoa,” yule dada akajibu. “Mimi ndiye Keji, msimamizi wake.”

Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nikajifanya nimelala.

Mama Zuhurah akacheka mpaka machozi. “Kumbe wewe! Binti yangu anapita hapo na baiskeli, anakusifu sana. Lakini mimi sitoki.”

“Utatoka, mama.”

“Mutu wa baiskeli hakuli nyanya?”

“Koboko!” kondakta akaita. Wakashuka wakibishana, Keji amembebea mama kikapu.