Dakta Gunvor Åslund, Aliyewalaza Dubu na Kusubiri Waamke

Ndugu waombolezaji mliofika kwenye theluji hii, Dakta Gunvor Åslund alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 hapa hapa Sveg, kwenye misitu ya Uswidi, mtoto wa kwanza wa mkata magogo Halvar na mkewe Märta, na mimi ninayesoma, Sixten, ni mdogo wake wa pekee.

Alisoma shule ya hapa hadi 1980, akaenda mji wa Uppsala kusomea udaktari wa wanyama, akahitimu Juni 1987, akaajiriwa na watafiti wa dubu, kazi yake ikiwa kumpiga dubu sindano ya usingizi kwa bunduki kutoka kwenye helikopta, wenzake wampime na kumvika kola ya redio ya kumfuatilia msituni, kisha yeye ahakikishe ameamka.

Tarehe 22 Aprili 1993 dubu jike mmoja hakuamka. Alikimbia na sindano mwilini, akalala kifudifudi ndani ya kijito, na walipomfikia alikuwa ameshakufa maji, watoto wake wawili wakilia juu ya msonobari. Rubani, Egil Norberg, alimwambia, "Twende, Gunvor, hapa hakuna la kufanya," naye akajibu, "Lipo. Yale maji niliyaona kabla sijafyatua." Wakubwa walitaka iandikwe ajali, yeye akaandika kosa, akatia jina lake.

Tangu hapo hakufyatua karibu na maji wala genge, alimfunika kila dubu macho, akampima joto na pumzi kila dakika tano, akamwekea oksijeni aliyepungukiwa, na Egil akawa analalamika angani, "Mama wee, mafuta yanaisha, piga au turudi!" wakarudi. Dubu mia nne na sita waliofuata waliamka wote.

Egil huyo ndiye aliyemwoa tarehe 16 Julai 1994, wakajaliwa binti, Tuva, mwaka 1997.

Mei mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mimi nikiwa jikoni nachemsha kahawa, nami nikaimimina katika vikombe viwili, nikakaa.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi aliyekuja kila siku, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake.

Pumzika, dada. Sijalia bado, usinielewe vibaya.