Yadi Mbili za Babu Emil

Tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2023, ni Emil Hudak. Alizaliwa Struthers, Ohio, tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa nne wa Andrej Hudak, mfanyakazi wa tanuri la chuma, na mkewe Zuzana. Inasemekana baba yake alifika kumwona moja kwa moja kutoka zamu, uso umejaa masizi, na mtoto akalia mpaka baba alipokwenda kunawa.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya hapo hapo Struthers, akamaliza mwaka 1956. Alicheza mpira, huu wetu wa kubeba mkononi na kugongana, lakini alikuwa mwembamba, kwa hiyo miaka yote minne alikaa benchi. Pale benchi ndipo alipojifunza kutazama watu.

Alimwoa Bernadine tarehe 18 Juni 1966. Kwenye meza ya biskuti za harusi, ambazo shangazi wa pande zote mbili walikuwa wamezioka kwa wiki tatu, alisimama akamnong'oneza msimamizi wake sahani ya shangazi gani itaisha kwanza na ya nani itarudi nyumbani imejaa. Alipatia zote. Bibi anasema shangazi mmoja hakumsamehe kamwe.

Alifanya kazi kiwandani hadi Septemba 1977, geti lilipofungwa. Alikuwa na watoto wawili wadogo. Mwaka uliofuata timu ya mpira huo, Wahunzi wa Youngstown, ilimwajiri kuzunguka vyuoni kutafuta vijana. Kila mwaka timu zote hukutana kuchagua vijana hao kwa zamu, na iliyofanya vibaya ndiyo hutangulia. Mwaka 1984 Wahunzi walikuwa wa pili kuchagua. Kwa neno la babu, wakamchukua Lonnie Pruitt, mkimbiaji wa chuo kidogo cha milimani Kentucky.

Yaliyofuata tunayajua wote hapa. Walichagua vijana kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyemaliza msimu wa tatu. Kila Aprili redio yetu huhesabu makundi mabovu kuliko yote ya Wahunzi, na la 1984 halijawahi kushushwa kileleni. Babu aliachishwa kazi mwaka 1985, akawa mtunza uwanja wa shule hadi alipostaafu. Mistari ya uwanja aliipima mara mbili, hata pale alipoambiwa mara moja yatosha.

Kwa kinyozi hawakumwacha.

"Emil, yule Pruitt ulimtoa wapi, nyumba ya wazee?"

"Si mzee, ni mvivu tu! Alikula hela za watu akalala!"

Babu alikuwa anainuka nywele zikiwa zimekatwa upande mmoja, anavaa kofia, anarudi nyumbani. 

Novemba 2022 daktari alimwambia mapafu yake yameharibiwa na vumbi la kiwandani. Hakuuliza amebakiza muda gani. Aliuliza nani anajua anakoishi Lonnie Pruitt.

Lonnie alifika Agosti mwaka huu. Ni dereva wa basi la shule, ana miaka sitini na moja, mtu mnene wa sauti ya chini. Bibi alimpa kabichi na tambi, naye Lonnie akakaa kando ya kitanda na sahani mapajani.

"Mwanangu," babu alisema, pumzi ikikatika, "siku ile nilipokupima mbio, wenzangu walikuwa wameshaondoka kwa ajili ya theluji. Futi yangu ya kupimia ilikuwa ndani ya gari, na gari limefukiwa. Nikapima yadi arobaini ukumbini kwa hatua zangu. Mwaka uliofuata nilirudi na futi. Zilikuwa thelathini na nane, ndiyo maana saa ilikuonyesha mwepesi kuliko ulivyo. Nikaogopa kusema. Wewe ukaitwa mvivu."

Lonnie aliweka sahani chini. "Mzee Hudak, ukumbi ule nilikuwa naufagia mimi kila jioni. Nilivyoona ulipoweka alama, nilijua iko karibu mno. Nikajiambia, funga mdomo Lonnie, kimbia."

"Ulijua?"

"Nilijua. Miaka thelathini na minane nadhani mimi ndiye niliyekufukuzisha kazi."

Babu alicheka hadi akakohoa, machozi yakimtoka, na Lonnie naye hivyo hivyo. Bibi akaja mbio: "Nyie wazee, mtaniulia mume!"

Walipotulia, Lonnie alisema kwamba kuitwa mzito hakumsumbui, kwani ni kweli alikuwa mzito kuliko karatasi ya babu ya vipimo ilivyosema. "Lakini mvivu, mzee, hilo hata wanangu wamelisikia shuleni."

Babu akaniambia niandike, nisome siku hii, maana kinyozi atakuwepo, na watu wa redio watakuwepo. Basi naomba msikie: Lonnie Pruitt hakuwa mvivu. Alipimwa vibaya, na aliyempima ni Emil Hudak.

Babu alifariki nyumbani Jumatano tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Bernadine, watoto wawili, Raymond na Paulette, wajukuu watano, na kitukuu mmoja wa miezi minne. Lonnie ameketi safu ya tatu, koti la kahawia. Tukitoka makaburini mpeni mkono, na anayedaiwa neno na alitamke.

Babu, tumesema. Pumzika kwa amani.