Mwalimu Peris Kerubo na Karatasi ya Chini

Mchungaji, ndugu zetu mliotoka Kisii na mliotoka Luton, majirani wa Harrow na Rayners Lane, naitwa Jotham, ndimi niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, nami naomba radhi mapema kwamba kuna mahali sauti yangu itapanda, na kila aliyemjua Peris anajua angenikasirikia kama isingepanda.

Marehemu Mwalimu Peris Kerubo alizaliwa tarehe 11 Septemba 1951 huko Nyansiongo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Ombati na marehemu Mama Bochaberi, akaanza shule ya misheni mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Nairobi, alikohitimu mwaka 1972 kuwa mwalimu wa hisabati, habari ambayo baba aliitangaza kanisani Sabato tatu mfululizo mpaka mchungaji akamwomba apumzike. Alifundisha sekondari za Kisii na Nakuru kwa miaka kumi na minane, na wapo humu ndani wanaume wenye mvi ambao mpaka leo wakisikia jina lake hukaa wima.

Jumapili tarehe 21 Desemba 1975 alifunga ndoa na marehemu Elkana Nyakundi, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Daniel aliyezaliwa mwaka 1978 na Serah aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1983. Elkana alitangulia London kufanya kazi hospitalini, na Januari 1992 Peris akamfuata na watoto, akiwa amebeba vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, vyeti ambavyo wakubwa wa hapa walivitazama, wakatabasamu, wakamrudishia, basi akaenda kuogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee hapa Harrow, kazi aliyoifanya miaka tisa bila kuionea haya.

Sasa nafika pale nilipopaombea radhi. Mwaka 1998 Serah alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa GCSE, ndio wa kumaliza sekondari huku, katika shule ya serikali ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa dada alikataza, na alikuwa kundi la mwisho la hesabu, kundi ambalo kuanzia Septemba hadi Aprili lilifundishwa na walimu sita, wa tano akiwa mwalimu wa michezo, kwa maana walimu wazoefu waliwekwa kwa watoto wanaojua tayari, na wasiojua wakaachiwa yeyote aliyepita koridoni. Shule iliita mkutano wa wazazi Ijumaa tarehe 4 Desemba, saa kumi na mbili jioni, na sisi Waadventista tunajua kwamba Desemba hapa London jua huzama kabla ya saa kumi, kwa hiyo saa hiyo Peris na Elkana walikuwa wamekwisha kufungua Sabato, televisheni imezimwa, wanaimba na watoto wao, wakati huko shuleni wazazi wanaelezwa nani atafanya karatasi ya juu na nani ya chini, na mwenye pingamizi aseme kabla ya Krismasi. Katika faili la mtoto wakaandika kwamba wazazi hawakuja na hawaonyeshi nia. Hawaonyeshi nia! Mwanamke aliyefundisha hesabu miaka kumi na minane.

Dada mwenyewe alikiri kosa lake, nami nitalisema kama alivyolisema. Kwetu mzazi humkabidhi mtoto kwa mwalimu, akaondoka, na Peris alipokuwa Nakuru aliwafukuza wazazi waliokuja kumchungulia darasani, kwa hiyo miaka yote saba hakuwahi kwenda kuuliza, akiamini kwamba mwalimu wa mtoto wake ni mtu kama yeye.

Aligundua Aprili 1999, Serah alipoleta ratiba ya mtihani, akaomba aone karatasi ya mwaka uliopita, akaisoma jikoni akiwa amesimama, na hapo ndipo alipoelewa kwamba siku zile alama ya juu kabisa ya karatasi ya chini ilikuwa D, ilhali vyuo vilitaka C, maana yake mtoto angeweza kupata kila swali, asikosee hata nukta, na bado akahesabiwa ameshindwa. Alikwenda shuleni kesho yake akitoka zamu, amevaa sare ya kazi, na yule mwalimu wa sita akaitazama sare ile, akaanza kumfafanulia taratibu asilimia ni kitu gani, kisha akamwambia majina yamekwisha kutumwa, tena Serah ana furaha katika kundi lake, mama asimsumbue. Peris alimjibu neno moja tu, "Furaha?", akatoka.

Serah akafanya mtihani, akapata D yake, na mama alipomwambia warudie pamoja nyumbani, mtoto wa miaka kumi na sita akamjibu, "Mum, leave it, mimi si mtu wa hesabu." Maneno hayo hakuzaliwa nayo, alifundishwa, na ndilo somo pekee ambalo shule ile ilimfundisha likamwingia.

Dada hakulala juu ya hasira. Jirani yake Mama Kalpana, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka karibu na stesheni ya Rayners Lane, mjukuu wake naye akiwa kundi la mwisho, alimwambia, "Peris, chukua ile stoo yangu, mimi toa magunia, wewe fundisha," na kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, darasa likawa Jumapili, kuanzia Oktoba 1999 mpaka mwaka jana. Mtoto mpya hakupewa kitabu, alipewa gazeti la bure la kwenye treni, akaambiwa alikunje mara mbili, mara tatu, mara nne, na kila mara aseme kipande ni sehemu gani ya gazeti zima, na Peris akawa anamrudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka afike mahali alipopotea, na karibu kila mara alikuta ni jambo dogo la miaka mingi nyuma, sehemu, au sifuri, au juma moja la ugonjwa ambalo hakuna aliyeliulizia, na juu ya shimo hilo dogo watu wazima wamejenga miaka sita ya kumwita mzito.

Mwaka 2001 alirudi chuoni akiwa na miaka hamsini, na kuanzia Septemba 2003 hadi Julai 2016 alifundisha shule ya serikali, kila mwaka akiomba apewe kundi la mwisho, mpaka wenzake wakadhani hajaelewa utaratibu. Mtihani ulibadilishwa, karatasi ya chini ikaruhusiwa kufika C, naye akaendelea kugombana. Alimzika mumewe mwaka 2011. Alifundisha mamia ya watoto wa watu, na wake mwenyewe akakataa kumsikiliza miaka ishirini na mitatu, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa saratani ya kongosho, iliyogunduliwa Novemba 2022. Siku moja wodini, Serah akimkanda miguu, akamuuliza bila kumtazama, "Mama, sehemu ikigawanywa kwa sehemu, kwa nini jibu linakuwa kubwa?", na Peris akaagiza gazeti. Walifanya kazi hivyo kila jioni, mwalimu akiwa na mpira wa dawa mkononi, na Juni mwaka huu Serah, mwenye miaka arobaini, alimaliza karatasi zote tatu za juu za hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Dada yetu alifariki tarehe 9 Agosti 2023, alfajiri, Serah akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, Mama Kalpana na majirani wote, waumini, na walimu wenzake mliokuja leo mkiacha likizo zenu, na wanafunzi wa stoo, ambao naona mmejaza safu nne.

Matokeo ya Serah yatatoka keshokutwa, Alhamisi. Hatujui yatasemaje, na mama yake hatayasoma, lakini safari hii hakuna mtu aliyeyaandika kabla mtoto hajaketi kwenye mtihani. Peris, dada yangu, pumzika sasa kwa amani.