Mzee Kyalo na Ampea Thelathini

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwa fundi umeme wa ghala letu la chai hapa Kilindini, Mzee Nicodemus Kyalo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1994. Ghala bado limesimama. Tunamshukuru Mungu kwanza, kisha Mzee.

Alifika akiwa na bisibisi moja na imani moja, na vyote viwili anaondoka navyo. Imani yenyewe ni kwamba ampea ni chakula: ukiliwekea pangaboi fyuzi ya ampea nyingi, litazunguka kwa nguvu zaidi. Kumbe ampea hupima tu wingi wa umeme unaopita wayani, na pangaboi huvuta kiasi linachohitaji, basi. Fyuzi ni bawabu. Umeme ukizidi, hukata njia kabla waya haujashika moto. Tulimweleza haya hadi mate yakatukauka. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuweka fyuzi kubwa zaidi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 1991 Bi Truphosa wa uhasibu alilalamika kwamba pangaboi lake linazunguka kivivu. Mzee akatoa fyuzi ya ampea tano, akaweka ya thelathini, akatangaza kwamba sasa mama aje na sweta. Haukupita muda pangaboi likakwama, likawa linavuta umeme kupita kiasi. Fyuzi kubwa haikujali. Zilizoungua ni nyaya za ukutani. Bi Truphosa aliteremka ngazi mbio, viatu mkononi, na Mzee akamfuata akimweleza kwamba ampea thelathini hazikutosha.

Tusimnyime haki yake: hakuchelewa kazini hata mara moja, na akiugua mtu hapa, Mzee hufika kumjulia hali kabla ya jamaa zake. Ndiyo maana ujinga wake unatuudhi zaidi.

Kinachotukosesha raha ni nyumba yake ya mtaa wa Tudor, ambayo nyaya zake alizitandaza mwenyewe. Mkewe, Bi Ndinda, alikuja mwezi uliopita kutusihi tuikague kabla mumewe hajaanza kushinda nyumbani. Tulifungua kisanduku cha fyuzi. Mahali pa fyuzi ya taa palikuwa na msumari.

Zawadi yetu, basi, ni katoni ya fyuzi za ampea tano. Mzee, ikiungua moja usiikasirikie; imekufa ili nyinyi mwamke asubuhi. Msumari wako tumebaki nao. Tunakutakia maisha mema, na Bi Ndinda tunamtakia usingizi.